Aende Sasa, Akomae Kwanza au Apitie Chuoni: Njia za Mchezaji wa Ulaya Kufika NBA

Mwaka 2018 Luka Dončić aliondoka Real Madrid akiwa na miaka 19, mchezaji bora wa EuroLeague, ligi ya kikapu ya klabu kubwa za Ulaya, na bingwa wake. Mwaka 2023 Sasha Vezenkov aliondoka Olympiacos akiwa mchezaji bora wa ligi hiyohiyo, umri ukikaribia 28. Dončić alifika Dallas akakabidhiwa timu, na msimu ulipoisha akatajwa chipukizi bora wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Vezenkov alicheza mechi 42 Sacramento kwa wastani wa pointi 5.4, kisha akaukatisha mkataba uliokuwa umebakiza mwaka wenye fedha zake, akarudi zake Piraeus, nyumbani kwa Olympiacos.

Mtu asiniambie Vezenkov hajui kikapu. Wala asiniambie Dončić alifaulu kwa sababu ya umri tu, maana wako waliokwenda na umri huohuo wakapotea. Nikiwapanga waliofaulu upande huu na waliokwama upande ule, kinachowatenganisha ni dakika. Huko uendako kuna nafasi ya kucheza, au nafasi yako ina mwenyewe? Na utakapoingizwa uwanjani, utapewa mpira au utaambiwa ukasimame kona usubiri pasi?

Dražen Petrović ni ushahidi wa zamani kuliko wote. Alitoka Real Madrid mwaka 1989, Ulaya nzima ikimwogopa, akaingia Portland ambako nafasi zake zilishikwa na Clyde Drexler na Terry Porter. Timu ile ilifika fainali mwaka 1990, naye akiwa hapati hata robo mbili za mechi. Januari 1991 akauzwa New Jersey, timu dhaifu iliyokuwa na njaa ya mfungaji. Msimu wake wa kwanza kamili huko ulikuwa wa wastani wa pointi 20.6, uliofuata 22.3. Miezi michache ya kuhama, na mtu ni yuleyule.

Basi tuziweke njia zenyewe kando kwa kando. Kwanza tofauti za mchezo, kwa sababu kuna wanaodhani kikapu ni kikapu popote:

| | Ulaya | NBA |
|---|---|---|
| Muda wa mechi | dakika 40 | dakika 48 |
| Faulo za kukutoa nje | 5 | 6 |
| Mstari wa pointi tatu | mita 6.75 | mita 7.24, kwenye kona ni karibu zaidi |
| Msimu wa kawaida | mechi 38 za EuroLeague (2025-26), na ligi ya nyumbani juu yake | mechi 82 |
| Mlinzi mrefu chini ya kikapu | anakaa apendavyo | sekunde 3 tu kama hana anayemkaba |
| Mshahara unaotajwa | kwa kawaida ni wa mkononi, kodi imeshalipwa | ni wa kabla ya kodi |

Mstari wa tano ndio unaowaumiza wengi, na hautajwi sana. Ulaya, mrefu wa timu anaweza kuweka kambi chini ya kikapu akawafichia wenzake makosa. NBA hairuhusu. Mlinzi mwenye miguu mizito anaachwa peke yake na mtu mwenye kasi ya risasi, uwanja mzima uko wazi nyuma yake, na makocha wa timu pinzani wanajua. Watamtafuta kila shambulizi.

## Kwenda mapema

Kanuni ni hizi: mchezaji lazima atimize miaka 19 ndani ya mwaka wa drafti, yaani siku timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu katika raundi mbili, na asiye Mmarekani huingia drafti moja kwa moja mwaka anaotimiza 22. Anayechaguliwa raundi ya kwanza hupata mkataba ambao miaka miwili yake ina uhakika wa malipo, na miwili inayofuata iko mikononi mwa timu. Mshahara unafuata namba: wa kwanza anavuna mara kadhaa ya wa thelathini. Wa raundi ya pili hana uhakika wowote kisheria. Anachopata ni kile wakala wake atakachokipigania.

Uzuri wa kwenda mapema ni kwamba timu iliyotumia namba ya juu kwako imejifunga. Itakuvumilia. Lakini si timu zote zinavumilia, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2003 Detroit walikuwa na bahati ya ajabu: timu yao ilikuwa miongoni mwa bora, na bado walishika namba 2 ya drafti, waliyoipata kwa biashara ya zamani. LeBron James, namba 1, alikwisha kwenda Cleveland. Detroit wakamchukua Darko Miličić, kijana wa Hemofarm ya Vršac, Serbia, wakawaacha Carmelo Anthony, Chris Bosh na Dwyane Wade, wote waliokuja kuwa nyota. Miaka yote hii watu wanamcheka Darko. Mimi naangalia karatasi ya dakika: msimu wa kwanza alicheza mechi 34, wastani haukufika dakika 5. Timu ilikuwa inawinda ubingwa na ikaupata mwaka 2004. Kocha Larry Brown hakuwa na muda wa kulea mtoto wa miaka 18. Pete ya ubingwa alivaa, kikapu hakukijifunza.

Miaka kumi baadaye Giannis Antetokounmpo alitoka Filathlitikos, klabu ya daraja la pili Ugiriki, akachaguliwa wa 15 na Milwaukee. Alikuwa mwembamba, hakuna aliyekuwa na hakika naye. Ila Milwaukee ya msimu ule ilishinda mechi 15 tu kati ya 82. Timu mbovu kiasi hicho haina cha kupoteza, ikamwachia uwanja: mechi 77, karibu dakika 25 kila moja. Alikosea mbele ya watu, akajifunza mbele ya watu. Mwaka 2019 na 2020 akawa mchezaji bora wa ligi, na 2021 akailetea Milwaukee ubingwa. Dirk Nowitzki naye, aliyetoka Würzburg mwaka 1998, aliangukia Dallas iliyokuwa dhaifu, akapewa dakika 20 kwa mechi akiwa hajakomaa. Alibaki pale misimu 21.

Wasomaji wa Tanzania wana mfano wao katika hili, ingawa hakupitia Ulaya. Hasheem Thabeet alichaguliwa wa 2 mwaka 2009 akitokea chuo cha Connecticut, akapelekwa Memphis. Nafasi yake pale Memphis ilikuwa na nani? Marc Gasol, Mhispania aliyechaguliwa wa 48 mwaka 2007, akabaki Girona msimu mmoja zaidi mpaka akawa mchezaji bora wa ligi ya Hispania, ndipo akavuka bahari. Namba 2 ilikaa benchi, namba 48 ikaanza. Kabla msimu haujaisha Thabeet alishushwa kwenye ligi ndogo. Tulimlaumu sana Hasheem kule nyumbani, na baadhi ya lawama zilikuwa za haki, lakini hata mrefu mwenye ujuzi zaidi yake angepata shida kumtoa Gasol yule.

Mpime na Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi aliyepitia Fuenlabrada, Hispania, akachaguliwa wa 7 mwaka 2011 akiwa na miaka 18. Alitua Charlotte, timu iliyoshinda mechi 7 tu msimu ule. Aibu kwa klabu, neema kwa Bismack: zaidi ya dakika 20 kwa mechi, na ajira ya zaidi ya miaka kumi iliyofuata.

## Kuchaguliwa, kisha kubaki

Hii ndiyo njia ninayoiona inadharauliwa na vijana na kuthaminiwa na mawakala wazee. Timu ya NBA inakuchagua, haki zako inazo, wewe unabaki klabuni kwako unacheza na kulipwa. Toni Kukoč alichaguliwa mwaka 1990, akafika Chicago mwaka 1993, na kati ya 1996 na 1998 akavaa pete tatu. Ricky Rubio alichaguliwa wa 5 mwaka 2009, akaenda zake Barcelona, akatwaa EuroLeague mwaka 2010, akatokea Minnesota mwaka 2011. Nikola Jokić, wa 41 mwaka 2014, alirudi Mega, klabu ya Serbia, msimu mmoja akawa mchezaji bora wa Ligi ya Adriatiki, ligi ya klabu za Balkani. Alipofika Denver alikuwa tayari anajua anachotaka kufanya na mpira. Mengine yanajulikana: mchezaji bora wa NBA mara tatu, bingwa mwaka 2023.

Kuna na hesabu ya fedha ndani yake. Mchezaji wa raundi ya kwanza asiposaini kwa misimu mitatu, ile bei iliyopangwa kwa namba yake haimfungi tena, anajadiliana kama mtu mzima. Bogdan Bogdanović alichaguliwa wa 27 mwaka 2014. Angeenda wakati ule angelipwa kama wa 27. Akabaki Ulaya, akajiunga na Fenerbahçe ya Uturuki, akashinda EuroLeague mwaka 2017, ndipo Sacramento wakampa dola milioni 27 kwa miaka mitatu. Na Sacramento, kama Milwaukee ya Giannis, ilikuwa timu inayopoteza mechi, yenye dakika za kugawa. Kubaki kulimpa bei, na udhaifu wa timu ukampa uwanja.

Hatari yake ni mbili. Ya kwanza ni majeraha, na hapa jina la Arvydas Sabonis halikwepeki. Portland walimchagua mwaka 1986, lakini siasa za Umoja wa Kisovieti zilimzuia, na wakati anakaa huko kano za kisigino zikamharibikia. Alifika mwaka 1995, karibu miaka 31, hawezi tena kukimbia wala kuruka kama zamani. Bado alipata pointi 14.5 na ribaundi 8 kwa mechi msimu wa kwanza. Waliomwona kijana wanasema tuliona nusu ya mtu.

Hatari ya pili ni ndogo kwa sura lakini inauma mfukoni: ada ya kuvunja mkataba. Timu ya NBA inaruhusiwa kuchangia kiasi kisichofika dola milioni 1 bila kukigusa kikomo cha mishahara yake. Kinachozidi kinatoka kwa mchezaji. Klabu kubwa ya Ulaya ikikuandikia ada ya mamilioni, ujue imekufunga kamba.

## Kwenda ukiwa umeshakuwa mfalme

Kuanzia miaka 27 na kuendelea, mambo ni mengine. Vasilije Micić alishinda EuroLeague mbili mfululizo na Efes ya Uturuki, 2021 na 2022, akaenda Oklahoma City mwaka 2023, kabla ya msimu kuisha akauzwa Charlotte, na mwaka 2025 akarudi upande huu wa bahari kuchezea Hapoel Tel Aviv. Miloš Teodosić alikwenda Clippers ya Los Angeles na miaka 30, hakumaliza msimu wa pili. Šarūnas Jasikevičius alidumu miwili. Vassilis Spanoulis, huyo bado kijana wa miaka 24, alidumu mmoja tu Houston, akarudi Ugiriki na kushinda EuroLeague tatu.

Tazama majina hayo: Micić, Teodosić, Jasikevičius, Spanoulis. Wote ni wachezeshaji. Thamani yao Ulaya ilikuwa kwamba kila shambulizi lilipita mikononi mwao, mrefu anakuja kuweka kizuizi, wao wanasoma ulinzi na kuamua. NBA kazi hiyo ina wenyewe wanaolipwa makumi ya mamilioni kuifanya. Mgeni wa miaka 29 anaambiwa asimame kona, apige pointi tatu akipewa, akabe wenye kasi. Ukimnyang'anya mpishi kisu ukamwambia apange sahani, usishangae akifunga virago.

Wanaofaulu wakienda wakubwa huwa ni wale ambao mchezo wao hauhitaji mpira muda wote. Nemanja Bjelica, mchezaji bora wa EuroLeague mwaka 2015, alikuwa mrefu anayepiga mbali na kutoa pasi. Alikaa misimu saba na kuondoka na pete ya Golden State ya mwaka 2022. Vezenkov naye ni wa aina hiyo, kwa hiyo yake iliniuma zaidi. Kwenye karatasi ilipaswa kufanya kazi. Ila safari ile Sacramento hawakuwa dhaifu tena. Walikuwa wametoka kufuzu mtoano baada ya ukame wa miaka 16, na nafasi yake ilikuwa na Keegan Murray, kijana waliyemchagua wa 4. Dakika hazikuwepo.

## Mlango wa chuo

Njia hii ilikuwa ya wachache. Domantas Sabonis, mwana wa Arvydas, alipita Gonzaga kabla ya drafti ya 2016. Lauri Markkanen akapita Arizona mwaka mmoja. Franz Wagner akatoka Alba Berlin akaenda Michigan, akachaguliwa wa 8 mwaka 2021. Walikwenda kusoma na kucheza bila mshahara.

Sasa fedha zimeingia. Tangu Julai 2021 wanafunzi wanamichezo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na tangu mwaka wa masomo wa 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja, kwa kikomo kilichoanza na takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka kwa chuo kizima, michezo yote ikijumlishwa. Klabu za Ulaya zinalia. Kijana aliyelelewa Madrid au Barcelona, anayekaa mwisho wa benchi akipewa dakika 4 za huruma, anaitwa Marekani akacheze dakika 30 na alipwe zaidi. Egor Demin alitoka shule ya vijana ya Real Madrid, akapita chuo cha BYU msimu mmoja, akachaguliwa wa 8 mwaka 2025. Kasparas Jakučionis alitoka Barcelona, akapita Illinois, akawa wa 20 drafti hiyohiyo. Hugo González alibaki Real Madrid na benchi lake, akawa wa 28.

Sitaki kusema González alikosea. Alizoea mazoezi na watu wazima kila siku, na hilo lina thamani ambayo namba ya drafti haiioneshi. Lakini mwelekeo unaonekana. Upungufu wa chuo ni huu: msimu ni mfupi, mchezo wa vijana kwa vijana unaficha udhaifu, na mstari wa pointi tatu wa vyuo uko palepale mita 6.75 kama wa Ulaya, kwa hiyo kazi ya kuurefusha mtupo bado inakusubiri. Tena mwenye viza ya mwanafunzi ana masharti magumu kuhusu kazi za matangazo anazoweza kufanya akiwa ndani ya Marekani. Mwanasheria wa viza aulizwe kabla ya kalamu kushikwa.

## Sasa nani aende lini

Kijana wa miaka 19 anayetajwa ndani ya 15 wa kwanza: nenda. Ukipata pa kuchagua, omba mazoezi ya majaribio na timu zinazopoteza mechi, na usione fahari kuchukuliwa na bingwa. Namba 9 kwa timu mbovu ni bora kuliko namba 4 kwa timu yenye nyota wawili wa nafasi yako.

Anayetajwa kati ya 20 na 50, na klabuni kwake anacheza dakika 20: bakia mwaka mmoja au miwili, kama Jokić na Marc Gasol. Kwa raundi ya pili, angalia sana usiangukie ule mkataba wa njia mbili, unaolipa nusu ya mshahara wa chini wa NBA huku ukishinda ligi ndogo. Mshahara wa chini wenyewe kwa anayeanza unazidi dola milioni 1 kabla ya kodi, na nyota wa juu wa EuroLeague wanapokea zaidi ya euro milioni 2 mkononi. Jina la NBA kwenye jezi halilipi tofauti hiyo.

Anayetajwa hapohapo lakini klabuni hachezi: chuo. Miaka mitatu iliyopita nisingesema hivi.

Mwenye miaka 27 na makombe kabatini: aulize jambo moja tu, nani anaanza kwenye nafasi yake na mkataba wake unaisha lini. Jibu la "tutaona kambini" maana yake ni benchi. Kama anakwenda kwa sababu anataka kujua moyoni kwamba alijaribu, hiyo ni sababu halali na sina ubishi nayo, ila asiiite hesabu ya fedha.

Na waliorudi nyumbani wasidhani mlango umefungwa. Guerschon Yabusele alichaguliwa wa 16 mwaka 2016, Boston wakamwacha mwaka 2019 baada ya kumkalisha benchi misimu miwili. Akaenda China, akarudi Ufaransa, akapata Real Madrid na kutwaa EuroLeague mwaka 2023. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 alimpandia LeBron James kichwani kwa danki, yaani kuusokomeza mpira kikapuni kwa mkono, ambayo dunia nzima iliiona. Philadelphia wakampigia simu, akalipa sehemu ya ada ya kujitoa Madrid kwa fedha zake mwenyewe, akacheza dakika zaidi ya 25 kwa mechi kwa sababu timu ile iliandamwa na majeraha, na mwaka uliofuata New York wakamsajili.

Jambo la mwisho ni la tarehe. Kijana wa Ulaya aliyejitosa drafti mapema ana mpaka siku 10 kabla ya drafti kujiondoa, na kifungu cha kutoka klabuni kwenda NBA kwa kawaida kina siku yake ya kufungwa wakati wa kiangazi. Tarehe hizo mbili ziandikwe ukutani kwa wakala kabla ya kitu kingine chochote, pamoja na kiasi cha ada, na klabu ikikataa kuiandika ada hiyo kwa tarakimu kwenye mkataba mpya, usisaini.